Mama Kipaza Anashusha Kipaza Sauti

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ofisa Uhamasishaji wa shirika letu, ambaye mji mzima unamfahamu kama Mama Kipaza, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina la kwenye kitambulisho chake cha kazi lipo, ila ukilitaja sokoni watu watakuuliza huyo ndiye nani. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, dereva wake, niandike wasifu huu uchapishwe kwenye programu, kwa hoja kwamba hakuna aliyekaa karibu na ile sauti kwa muda mrefu kuliko mimi. Hoja nimeikubali. Sikio langu la upande wa abiria linaikubali pia.

Alijiunga nasi shirika likiwa na vyumba viwili juu ya duka la vyuma, mashine moja ya kupiga chapa, na mkurugenzi aliyefagia ofisi mwenyewe. Aliajiriwa awe mpokeaji wageni. Hakudumu mapokezi. Watu walikuja kutueleza mambo mazito kwa kunong'ona, na yeye akiwapa pole, wateja wa duka la chini walizisikia. Mkurugenzi wa wakati ule, badala ya kumfukuza, alimnunulia kipaza sauti. Marehemu alifanya maamuzi mengi mazuri, lakini sidhani kama aliwahi kuushinda huo.

Wakati huo mradi wetu wa uwazi serikalini ulikuwa ndio unaanza kutambaa. Sheria ilisema kikao chochote cha baraza la mji kinachojadili bajeti au ardhi ni cha wazi, na wananchi lazima waarifiwe mapema. Baraza lilitimiza sheria hiyo kwa kubandika karatasi kwenye ubao uliokuwa nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, ubao unafunikwa. Mlango ukifungwa, wewe uko nje. Baada ya mazungumzo marefu tukakubaliana kwamba gari letu litapita mitaani kutangaza vikao, na baraza litalihesabu tangazo letu kuwa taarifa halali kwa wananchi. Hivyo ndivyo tulivyofungwa nira moja mimi, yeye, pikapu nyeupe na spika mbili juu ya paa.

Hakuwahi kusoma tangazo la baraza kama lilivyoandikwa. Aliletewa karatasi inayosema kuhusu marekebisho ya mgawanyo wa matumizi ya kawaida, akaitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi, kisha akaiweka chini na kushika kipaza. "Wenzangu wa mtaa wa juu, pesa za taa zenu za barabarani zinataka kuhamishwa. Anayependa kutembea gizani akae nyumbani. Asiyependa, aje Alhamisi." Alhamisi ile watu walisimama hadi madirishani, na taa zikabaki na pesa zake. Karani wa baraza, bwana mmoja makini mwenye miwani minene, alitulalamikia kwamba lugha ya serikali inavunjwa. Mama Kipaza alimjibu kwamba haivunji, anawapasulia tu wenye meno mabovu.

Alisalimia mitaa kwa kazi zake: washona viatu, wauza vyuma chakavu, mama wa mkaa. Aliwahi kukatiza tangazo muhimu la haki za mahabusu ili kumwambia dada mmoja kwamba nguo zake zinanyeshewa. Nyumbani kwake, mume wake, ambaye ni fundi saa na mtu wa maneno machache, alituambia siku moja kwamba ndoa yao haina shida yoyote, kwa sababu mke anasema na yeye anaangalia saa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe amenitaka nisiliruke. Aliniambia nikiliruka, atasimama siku ya sherehe alisimulie bila kipaza, na ukumbi hauna dari imara.

Nyuma ya soko la zamani kuna karakana ya maseremala na mafundi wa makochi. Wote ni viziwi, wanaume kwa wanawake, na walianza pale muda mrefu kabla ya sisi kuwa na gari. Mlangoni hakuna kengele. Kuna kamba, ukiivuta, taa inawaka ndani, na mtu anainua kichwa kutoka kwenye randa. Kila tulipotangaza tulisimama mbele ya karakana hiyo, kwa sababu ukuta wake una kivuli kizuri, na mafundi walitoka mlangoni kutupungia mikono. Mama Kipaza aliwapungia huku akiendelea kutangaza. Alikuwa akiniambia kwamba katika mji wote hakuna mtaa unaotupokea kwa uchangamfu kama ule.

Mwaka mmoja baraza lilipendekeza kiwanja cha karakana kigeuzwe maegesho ya magari. Tulitangaza kikao. Tulisimama palepale kivulini, tukapungiwa, tukapunga, tukaondoka. Siku ya kikao hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kupinga, na uamuzi ukapita kabla chai haijapoa. Wiki iliyofuata wapima ardhi wakafika na rangi nyekundu, wakapiga alama kwenye ukuta ule ule wa kivuli chetu.

Fundi mkuu wa karakana, ambaye watu humwita Randa, alikuja ofisini na mke wake. Mke anasikia, na ndiye aliyekuwa anatafsiri. Swali lao lilikuwa moja: ninyi watu wa haki, mbona hamkutuambia? Mama Kipaza alijibu harakaharaka kwamba alipita, tena si kupita tu, alisimama mlangoni kwao. Mke akatafsiri. Randa akamtazama, akaanza kusema kwa mikono polepole, na mkewe, shemeji yetu, akatoa maneno bila kututazama usoni: "Anasema walikuona. Siku zote wanakuona. Walidhani unauza sabuni."

 Mama Kipaza alikaa kwenye kiti cha wageni, kile kile alichokuwa akiwakaribishia watu alipoanza kazi, akaweka mikono mapajani. Alifahamu kama sote tulivyofahamu kwamba kwa miaka yote ile, mtaa uliotupungia kuliko yote ndio uliokuwa haujasikia chochote.

Mwanasheria wetu alipata nafasi ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Lakini palikuwa na kizingiti, na kizingiti chenyewe kilikuwa sisi. Utetezi wa baraza ulikuwa ni tangazo letu. Karani alisimama ukumbini mwa baraza akasema, tena kwa heshima zote, kwamba taarifa ilitolewa na sauti ambayo hakuna mtu wa mji huu anayeweza kudai hakuisikia. Ofisini kwetu kulikuwa na mvutano kabla ya siku hiyo. Wengine walishauri Mama Kipaza asiseme kitu, mwanasheria atafute hoja nyingine, maana tukikiri tangazo lilikuwa na kasoro, baraza litavunja makubaliano na kazi ya miaka itaanguka. Wengine walisema karakana ikibomolewa kwa ajili ya tangazo letu, hiyo kazi ya miaka tutaiitaje? Mimi dereva sikuulizwa, ila niliosha gari kwa nguvu kuliko kawaida.

Siku ilipofika Mama Kipaza alisimama mwenyewe. Hakuuma maneno, na hakupewa kipaza wala hakukihitaji. "Nilipita. Nilisema. Hawakuambiwa." Karani akavua miwani yake, akamuuliza kama anataka kusema matangazo yake yote ya nyuma yalikuwa na kasoro. Akajibu kwamba huenda ikawa hivyo, na kama baraza linataka kujua, limtafute kila mtu ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi huu, limuulize kwa nini. Kisha akawageukia mafundi waliokuwa wamekaa safu ya nyuma na shemeji yetu, akawaomba radhi. Aliomba kwa mdomo, akasubiri itafsiriwe, na hakukaa mpaka Randa alipotikisa kichwa kukubali.

Uamuzi ulifutwa, kikao kikarudiwa. Safari hii maseremala walikuja na wakasema, na waliposema ukumbi ulilazimika kunyamaza na kutazama, jambo ambalo madiwani hawakulizoea. Fundi mmoja wa makochi, dada mwenye mzaha mkavu, aliwaeleza kwamba viti vyote walivyokalia vilitoka karakana ile, na kama wanaona havifai wanaweza kusimama. Maegesho yakahamishiwa nyuma ya ofisi za baraza, mahali ambapo mwenyekiti alikuwa ameshajizoesha kuegesha peke yake.

Hayo ndiyo mazuri. Mabaya ni kwamba waliotabiri walitabiri sawasawa: baraza lilisitisha makubaliano yetu, na pikapu ikalala uani kwa miezi mingi, spika zake zikawa viota. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na wapo waliomkumbusha Mama Kipaza methali hiyo waziwazi pale jikoni kwenye chai. Yeye alichukua mkoba wake akaenda karakana kuvuta kamba. Aliomba wamfundishe lugha ya alama. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na vidole vyake, kwa maelezo ya walimu wake, vilikuwa kama vimevaa soksi. Alivyojifunza ndivyo alivyotangaza: kwa mikono yote hadi begani, akipangusa rafu na kuangusha makopo ya gundi. Randa alilalamika kwamba huyu mama anapiga kelele hata kwa mikono. Malalamiko hayo hadi leo ndiyo sifa anayoipenda kuliko vyeti vyake vyote vilivyo ukutani.

Baraza lilipoturudia, kwa kuwa kumbi zake zilikuwa zimeanza kuwa tupu tena, tulikubaliana upya kwa masharti aliyoyaandaa yeye. Tangazo sasa hutolewa kwa sauti, kwa mikono na kwa mabango yenye picha, na gari halisimami palipo na kivuli, linasimama palipo na watu. Na kila kikao chetu cha wafanyakazi, mnavyojua, hakifungwi mpaka aulize: "Nani hajaambiwa?" Wageni hudhani ni utani. Wenyeji tunajua kwamba ukijibu "wote wameambiwa" utatumwa ukahakikishe, tena kwa miguu.

Swali hilo limetufikisha mbali kuliko pikapu. Ndilo lililotupeleka ng'ambo ya reli, kwa jamaa wachache wanaozungumza lugha yao wenyewe, ambao walikuwa wakilipa ushuru wa soko miaka yote bila kujua kwamba wana haki ya kuuliza unakokwenda. Leo wana mwakilishi wao kwenye kamati ya soko, na anauliza mpaka karani mpya anatamani kustaafu pamoja na Mama Kipaza. Ndilo lililowafikisha wasioona kwenye kikao cha bajeti, baada ya mmoja wao kutuuliza kwa upole mabango yetu ya picha yanamsaidiaje. Sikumbuki mradi wetu wowote uliofaulu ambao haukuanza kwa mtu kukuna kichwa mbele ya swali hilo.

Amefundisha maofisa wengi, na baadhi yao sasa ni wakubwa huko waliko. Anayechukua nafasi yake ni yule dada wa makochi, aliyewaambia madiwani wasimame. Wapo waliouliza kiziwi ataongozaje kitengo cha matangazo. Mama Kipaza aliwauliza ni nani katika ofisi hii anayejua zaidi ni lini mtu hajaambiwa, na mjadala ukaishia hapo. Sauti atakuwa kijana mwingine wa kuajiriwa. Dereva nimebaki mimi.

Imebaki habari moja, nayo ametoa ruhusa isemwe. Spika mbili juu ya kichwa kwa miaka yote hiyo zimedai chao. Masikio ya Mama Kipaza yameanza kuchoka. Mwanzoni tulidhani anachagua cha kusikia, kama wakubwa wote. Kisha mume wake akatuambia kwamba siku hizi watu hubisha hodi pale nyumbani hadi wanakata tamaa na kuondoka, na kwamba aliona mkewe amekaa sebuleni akijiuliza mbona watu hawamtembelei. Sikupenda kuisikia habari hiyo, na kwa siku kadhaa niliendesha gari bila redio.

Habari ikafika karakana. Jumamosi moja Randa na wenzake walifika nyumbani kwa fundi saa na mkoba wa vifaa, wakatoboa fremu ya mlango, wakapitisha waya, wakafunga taa sebuleni na kamba nje. Kazi ilipokwisha wakatoka wote, mlango ukafungwa, na Randa akavuta kamba. Mama Kipaza aliona taa ikiwaka. Alipofungua mlango aliwakuta wamesimama kwa safu, wakimpungia mikono kama walivyokuwa wakimpungia miaka ile pale kivulini. Safari hii wote walijua wanasemezana nini.

Mama Kipaza, shirika hili linakushukuru kwa sauti yako, na kwa siku ile uliyoitumia kujishuhudia mwenyewe. Tunakuombea afya, vicheko vya wajukuu, na uzee wenye wageni wengi. Taa ya sebuleni kwako isipate kupumzika.

Kwa wote mtakaohudhuria, kamati ina ombi moja. Atakaposimama kushuka jukwaani, tafadhali tusipige makofi. Tuinue mikono yote miwili juu, tuitikise kama viziwi wanavyoshangilia, na tusiishushe mpaka aione safu ya mwisho kabisa ya ukumbi. Mwenye jirani ambaye hajaisoma programu hii, amwambie.