Viduara Vitatu vya Bi Najla Hitti

Bi Najla Hitti anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni, baada ya kuitumikia Jumuiya yetu ya Familia za Waliopotea kwa miaka ishirini na tisa.

Alikuja hapa mtaani Badaro kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, sisi wengine tuliiogopa. Yeye aliikalia mpaka ikamzoea. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe, huku umeme ukija na kuondoka utakavyo. Taa zikipepesa tu, utamsikia akipiga kelele, "Hifadhini kazi, jamani!" hata kama aliye chumbani anakula mkate wake wa viungo vya zaatari na wala hana kazi yoyote.

Programu yetu ya kumbukumbu aliijenga yeye. Kwenye ukurasa wa kila mtu aliyechukuliwa wakati wa vita aliweka viduara viwili vya kubonyeza: "Yu hai" na "Amefariki". Viduara vya namna hiyo huunganishwa kwenye kundi moja, ili ukiwasha kimoja, kingine kizimike chenyewe. Siku ya kwanza Najla alisahau kuviunganisha. Akaja Mama Nadim, ambaye mwanawe alishushwa garini kwenye kizuizi cha wapiganaji na hakuonekana tena. Alipoangalia jina la kijana wake, alikuta viduara vyote viwili vimewaka. Najla aliona haya, akaanza kuomba radhi.

"Viache hivyo hivyo, mwanangu," Mama Nadim akamwambia. "Mimi naamka naye hivyo kila siku."

Najla hakuviacha. Aliviunganisha, kisha akaongeza cha tatu: "Hajarudi". Tulijua kilichomsukuma. Kaka yake Wajdi alichukuliwa vilevile, na jina lake limo humo. Najla hakuligusa jina hilo hata mara moja. Mama yao ndiye aliyekuja ofisini, akaniomba mimi nimbonyezee "Hajarudi", huku Najla amejifanya ana shughuli jikoni.

Mwaka huu ililetwa programu mpya, na kiduara cha tatu hakikuwamo. Mhandisi Karam, kijana mpole kabisa, alieleza kwamba "Hajarudi" si hali ya mtu. Najla alimtazama juu ya miwani.

"Sawa, Karam baba. Nenda kamweleze Mama Nadim. Mimi nakungoja hapa na chai."

Karam hakwenda. Kiduara kikarudishwa, na ofisi nzima ilicheka siku hiyo.

Ikabaki kazi ya kuhamisha majina, moja moja, kwa mkono. Najla aliomba aimalize yeye kabla ya kuondoka, na jina la Wajdi akaliweka la mwisho. Jumatatu aliniita nikae karibu naye. Nilidhani anataka nimbonyezee kama zamani, maana mama yao tulimzika majira ya baridi yaliyopita. Alishika kipanya mwenyewe, akabonyeza "Amefariki".

Nilishtuka, sitaficha. Alikipigania kile kiduara cha tatu kama mtu anayepigania nyumba yake. Nikamuuliza kama amekosea.

"Sijakosea, Rima," akasema. "Mama ndiye aliyekuwa anamsubiri. Mimi nimechoka. Nataka kumlilia ndugu yangu."

Basi tulikaa tukalia wote wawili, mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Ndiyo maana kahawa ya leo ni chungu. Msiwalaumu wa jikoni, hawakusahau sukari. Najla ameomba inywewe kama inavyonywewa msibani, na keki tuliyoagiza tumeirudisha.

Dada Najla, wengi wamekaa mbele ya meza yako, na hukumharakisha yeyote kuchagua. Asante sana. Kukutakia maisha mema tukaishia hapo hakutoshi. Tunakuambia tunayowaambia wafiwa wote, maneno ambayo kwa miaka yote hii hukuruhusu mtu akuambie: miaka aliyoikosa Wajdi iongezwe kwenye yako.