Baraza Lisizibwe

Sogeeni karibu, Léopold na Delphine, na wewe mukwe wangu Eulalie, ingia uketi, maana pumzi iliyonibakia si ya kupaza sauti, na neno hili sitaki mje kulisikia kwa majirani nikishazikwa. Migomba ya Kabare igawaneni kwa mipaka aliyowaonyesha baba yenu. Hapo hakuna ugomvi. Neno langu ni juu ya baraza la nyumba hii, ambalo Léopold ameanza kulijengea ukuta ili liwe chumba, na juu ya shangazi yenu Godelive, dada ya baba yenu, mliyemfukuza mkisema ameniroga.

Baba yenu alipokufa mliniweka chumba cha ndani, mukafunga madirisha kwa sababu ya upepo wa ziwa. Nilipotaka kutoka, Léopold, ulinizuia: “Maman, muzee akikaa inje watu watasema hana watoto.” Ilikuwa heshima, nami niliipokea kama heshima. Mvua zikaja zikapita, nikiwa humo. Miguu ikaisha nguvu hata kuinuka kitini nikahitaji mkono wa mtu, mifupa ikaniuma, na machozi yakawa yananitoka bila mtu kunikosea. Mkatafuta wa kulaumu, mkamwona aliyekuwa akinipikia. Godelive akafunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda Kalehe kwa watu wa mama yake, wala hakunitukana.

Ni Delphine aliyenipeleka dispanseri akinishika kiuno. Masera, yule mtawa anayetibu pale, akanikandakanda magoti, kisha akauliza, “Mama, jua unaliona saa ngapi?” Nikamwambia jua nalisikia tu, likipasha bati juu ya kichwa changu. Hakucheka. Akanieleza kwamba mwili unahitaji vitamini inayotengenezwa na jua kwenye ngozi, na kwamba wazee wanaofungiwa ndani huikosa kama watoto wenye miguu iliyopinda. Akanipa chupa ya mafuta ya maini ya samaki, kijiko kila asubuhi, akaagiza kiti changu kitolewe chumbani kiwekwe barazani. Mafuta yale yananuka, ninyi mnajua. Delphine akasema, “Maman, Jumapili paka watakufuata mpaka kanisani.” Nilicheka, na niliposikia kicheko changu nilishtuka, maana nilikuwa nimekisahau.

Sisemi kijiko kinafufua watu. Ilichukua muda, na sijui mpaka leo ni mafuta, ni jua, au ni wale waliopanda kutoka sokoni wakiniita kwa jina la kwetu, “M'Cirhuza, umeamukaje?” Lakini miguu ilirudi. Nilishuka kanisani peke yangu, na usiku nililala bila kulia. Kama ungekuwa ulozi, Léopold, ungeondolewa na kiti kilichotolewa nje?

Kinachoniua sasa ni moyo. Daktari amekueleza, nawe uko na masomo kunipita. Usitafute mtu mwingine wa kulaumu.

Basi sikilizeni. Kwenda Kalehe uende wewe mwenyewe, Léopold, usitume mtu. Nimeambiwa shangazi yako anakaa siku nzima jikoni kwenye moshi, hatoki, hasemi, magoti yamekataa. Ni yale yale yangu. Umlete hapa, umwombe msamaha mbele ya waliomsikia akiitwa mlozi. Kiti changu ni chake. Baraza ni lake mpaka afe. Eulalie, kijiko utampa wewe, na akikataa kwa ajili ya harufu, mwambie mimi nilikunywa. Watu wakisema mumemtupa muzee inje, wacheni waseme; ninyi kaeni naye.

Delphine, nakushukuru kwa kiuno changu ulichokishika. Mungu awape watoto watakaowauliza mnataka kukaa wapi. Awape… uzee wenye watu. Léopold, sina kinyongo nawe. Ulinipenda vibaya, lakini ulinipenda.

Niinueni kichwa kidogo. Hivyo.

Udongo wa ukuta ule bado mbichi. Nenda kautoe sasa, mwanangu, mlango uache wazi… nataka kusikia.

Delphine, mkono wako.

Ndiyo. Hilo tofali nimelisikia.

Lingine.