Bi Mkaguzi na Mlango wa Pili wa Bweni

Mama yetu mdogo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Mkaguzi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa breki. Dada zake walikuwa wakisimulia kwamba tangu utotoni hakunywa chai kabla ya kuchungulia kikombe.

Alisoma shule iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza sekondari mwaka 1967. Mwalimu wake wa hesabu alimlalamikia baba yake: "Mtoto huyu haamini jibu hata nikimwonyesha kitabu."

"Hata mimi haniamini, mwalimu," baba akajibu. "Tuvumilie tu."

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa tiketi, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2004. Ndani ya behewa ndimo alimokutana na mumewe, fundi saa, akamshusha njiani kwa kushuku kwamba tiketi yake ni ya kughushi. Tiketi ilikuwa halali. Alipomtafuta kumwomba radhi, fundi saa alimwambia, "Radhi utaipata, ila njoo uichukue nyumbani kwa mama." Walifunga ndoa Agosti 1974, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2006 bweni la shule ya watoto wasioona liliteketea. Redio ikatangaza michango. Marehemu akauliza, "Nani kauona huo moto?" akapanda basi kwenda kuuona mwenyewe. Alikuta watoto wamelazwa chini madarasani. Wote walikuwa wameokoka, lakini kwa kuvutwa dirishani, maana bweni lilikuwa na mlango mmoja, na moto ulianzia hapo.

Binti mmoja wa shule alimuuliza, "Na wewe umekuja kupiga picha?"

"Sina hata kamera."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Marehemu alirudi akicheka: amepata mwenzake. Kuanzia hapo akaanza kuchangisha, na maneno yakaanza. Kastaafu, kapata pa kulia, watu walinong'ona. Muuza nyama wa mtaani alimwambia hivyo usoni. Iliuma sana kwa mtu aliyeishi kwa kuwashuku wengine. Lakini alimjibu, "Una haki. Jumamosi funga bucha, twende ukaone." Kila aliyemshuku alimchukua namna hiyo. Muuza nyama alikwenda akaona, na kesho yake akatoa gari lake likasombe matofali.

Ukuta wa bweni jipya ulipofika usawa wa madirisha, marehemu aliizunguka nyumba, akasimama. Mlango ulikuwa mmoja tena.

"Wa pili utaongeza gharama," mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alimwambia. "Watu wamechoka kuchangia."

"Basi wanichoke na mimi."

Aliitwa mkorofi. Wafadhili wawili walijitoa, ufunguzi ukaahirishwa, na yeye akaanza upya kugonga milango ya watu, mingine ikifungwa akingali anasalimia. Mlango wa pili ukawekwa.

Machi 2011 hitilafu ya umeme ilizusha moto penye mlango wa mbele wa bweni. Watoto walitokea nyuma, wameshikana mabega. Mwalimu mkuu alipompigia simu, marehemu aliuliza, "Mmewahesabu?" Akaambiwa wapo wote. "Mmewahesabu kweli?" Kisha akaketi sakafuni, akalia.

Aliugua moyo kuanzia mwaka 2023. Madaktari walipata taabu: kila kidonge alitaka kujua kinatoka wapi na kinakwenda kufanya nini. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, bintiye mkubwa alimpelekea dawa. Akafungua mdomo, akameza, hakuuliza kitu. Binti akatoka chumbani kutuita. Tulimkuta angali anapumua, na sote tulimshika mkono kabla hajaondoka.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na shule inayolala salama.

Pumzika sasa, mama. Tuko wote hapa.