Nilidhani Ananitania

Jina la Bwana na lihimidiwe, ndugu zangu. Mimi si msemaji, na kule Milola ninakoishi sikuzoea kusemeshwa. Lakini leo sina budi kusema, maana shingo hii mnayoiona ilikuwa ikatwe.

Mume wangu alichukuliwa kuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vyake, akafia huko mbali. Hatukujaliwa mtoto. Kijijini nilikuwa Mkristo peke yangu, na hata kaburi la kulilia sikuwa nalo. Watu hawakunitukana, waliitikia salamu wakapita. Ndugu zangu, upweke ni ugonjwa. Nilifika mahali nikawa nazungumza na kuku, nao wananikimbia.

Mfaume alikuwa rafiki wa mume wangu. Walikwenda vitani pamoja, akarudi yeye. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani, na mtani wa kwetu mnamjua: atakuchukulia kuku wako, atakuchekesha msibani, na ruhusa ya kununa huna.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi chini ya mkorosho wangu napepeta mtama, akaja na panga. Mgeni wa kwetu huweka panga chini kabla hajakaribishwa. Yeye hakuliweka. Akasema, "Mke wangu, leo nakukata shingo."

Nikacheka. Nilifurahi kwamba yuko mtu aliyekumbuka kunitania. Nikamjibu, "Shingo yenyewe haina nyama, mtani. Utakula nini?"

Panga likashuka, likapasua ungo, ncha ikanichana mkono. "Mumeo hanipi usingizi," akasema. "Kila usiku ananiita. Wewe ndiye unayemtuma." Ndipo nikayatazama macho yake, nikajua hatanii.

Niliruka nyuma ya shina nikapiga kelele. Wanawake walikuwa wakipita njiani kutoka kisimani, na Bi Somoe, jirani yangu, akaitikia huku akicheka, "Mkate huyo, mtani, tupumzike!" Wakacheka wote, wakaenda zao. Sijapata kuwa peke yangu kama saa ile, hata siku ilipoletwa habari ya msiba.

Miguu ilitaka kukimbilia nyumbani. Nikaomba: Bwana, umebaki wewe tu. Sikusikia sauti yoyote, lakini akili ilitulia. Nyumba yangu ina mlango mmoja, nikiingia, nimejizika. Uwanja uko wazi, na mwenye panga anataka nafasi ya kuinua mkono. Mkorosho ule sikuwahi kuupogoa, matawi yake yamelala karibu na ardhi. Basi nikabaki humo humo, nimeinama, shina likiwa katikati yetu. Akija kulia, mimi nakwenda kushoto. Sikumpa mgongo, wala sikulitazama panga. Nilitazama bega lake, maana bega hutangulia. Nikazunguka polepole mpaka njia ikawa nyuma yangu na yeye akawa upande wa nyumba.

Akapiga kwa nguvu zake zote. Panga likazama katika tawi bichi, akabaki analivuta kwa mikono miwili. Nami nikakimbia kuwafuata wale wanawake.

Bi Somoe alipoiona damu aliangusha mtungi. Wanaume wakaitwa, wakamkuta Mfaume ameketi pale pale chini ya mkorosho, analia. Wajomba zake wakamchukua kwa upole kwenda kumuuguza. Nimemsamehe, ndugu zangu. Tulikuwa tukimlilia mtu mmoja, kila mtu kwake.

Jioni Bi Somoe akaja, mkeka kwapani. Akasema, "Mwenzangu, nilikusikia. Nilidhani ni utani." Kisha akatandika mkeka karibu na kitanda changu. Yeye ni Mwislamu, anaswali zake, nami nasali zangu. Alilala kwangu mpaka jeraha likafunga, na hadi leo hapiti bila kubisha hodi.

Namshukuru Mungu aliyenituliza pale nilipokuwa sina mtu. Wewe uliye peke yako, mtumainie. Alinishika mimi, nawe atakushika. Lakini ninyi mnaopita njiani na mitungi yenu, mkisikia mtu analia mkadhani anataniwa, tueni mitungi, mwende mkaone. Amina.