Nyumba za Yeyo

Mwaka ule wa 2000, baada ya kiangazi kikali, Fosiya alikuwa anapeleka mbuzi Kitengela kwa lori kutoka Bisil. Alijifanya amesinzia, kumbe anasikiliza.

Kijana aitwaye Simel alikuwa anamweleza mama mzee aliyekutana naye humo kwamba watafiti wa Ulaya na Nairobi anaofanya nao kazi wanachunguza vile hali ya hewa inaharibu nyumba za Kimaasai, ndio mila isipotee. "Tumeuliza wazee kumi na wawili, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Miezi mitatu!"

"Wanaume?"

"Eeh."

Mama alicheka mpaka akashikilia ubao wa lori. "Mwanaume anajua mlango tu. Nyumba anakandika nani?" Fosiya akatabasamu ndani ya shungi. Hata kwao, kwa Wasomali, anayejenga ni mwanamke.

Simel akafungua daftari upesi, aibu imemjaa. "Basi nifunze. Paa ikipasuka?"

"Nakandika na mavi ya ng'ombe, asubuhi hiyo hiyo."

"Yako iko sawa?"

"Imepasuka tangu mwaka jana."

"Na hujakandika?"

Lori likasimama Kajiado. Mama akashuka polepole, akamgeukia Simel. "Kiangazi ilimaliza ng'ombe zangu zote. Nikandike na mavi ya nani?"