Karatasi za Mwalimu Wilfred

Mtaani kwetu Rusimbi, ubavuni mwa mashine ya kusaga, tuna benchi la miguu mitatu na tofali. Kahawa ni ya Kalinzi, anaipika Kuruthumu. Iddi tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Gasper ni Jaji, ingawa mahakamani kafika mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Wa tatu ni mimi, ambaye nikinyamaza watu huulizana kama nimemeza dawa. Wa nne alikuwa Mwalimu Wilfred. Tumemzika siku thelathini na tisa zilizopita, na bado hakuna anayekaa mahali pake.

— Namba ya Mwalimu ina tarakimu tisa, akasema Redio. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Miaka sita mtu anaitafutia kigawanyo kwa kalamu.

— Ndiyo iliyomuua, nikasema.

— Figo ndizo zilizomuua, akasema Kuruthumu, akimimina.

— Benki wanafungia hela kwa namba tasa, Redio akaendelea. Kubwa kuliko hiyo. Mwalimu alikuwa na kufuli mkononi, sisi tunamwona mzee wa madaftari.

— Kufuli kitu gani, akasema Jaji. Hili ziwa nchi nne zimegawana. Kwa nini? Kina chake kinagawanyika. Kingekuwa namba tasa, tungekuwa vitani mpaka leo.

— Umekipima?

— Jaji hapimi. Anahukumu.

— Hata roho ni namba tasa, nikasema. Kifo hakiwezi kuimega, kinaibeba nzima.

Nilitegemea wacheke. Redio akatazama chini.

Skolastika, mjane wa Mwalimu, akatokea upande wa sokoni, kabeba madaftari ndani ya kanga.

— Mwakeye, shemeji zangu.

— Mwakeye, shemeji. Karibu ukae.

Hakukaa. Kesho ni arobaini, akasema, na fundi wa msalaba anamsubiri. Mwalimu alitaka namba ile iandikwe chini ya jina lake, lakini iandikwe tu kama ni tasa kweli.

— Humu kajaribu kuigawanya kwa namba tasa mpaka elfu ishirini na nne. Zilizobaki, mpaka mwisho wa kujaribu, elfu ishirini na saba, aliwagawia nyinyi alipolazwa. Kila mtu karatasi yake.

— Alitugawia, akasema Jaji.

— Mkarudi wodini, mkamwambia haigawanyiki.

— Tulimwambia.

— Siku ile alimaliza uji wote.

Nakumbuka. Redio alitangulia kusema, kama kawaida. Jaji akakubali kwa kuwa Redio kasema. Mimi nikaongeza kwamba hata panga la mchinjaji lisingeipasua, na Mwalimu akacheka mpaka nesi akaja. Kwenye karatasi yangu zilikuwepo namba tasa tisini na sita za kujaribu. Niligawanya kwa mbili za kwanza, nikaona wenzangu wawili ni watu makini, watanifidia. Karatasi nikaifutia mnyororo wa baiskeli.

— Basi nipeni hizo karatasi, akasema Skolastika, nizifunge na haya madaftari. Halafu nikamwambie fundi aandike.

Jaji akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Redio. Hapo ndipo nilipojua kwamba na wao walikuwa wamenitegemea mimi.

Kuruthumu akaweka birika chini.

Skolastika alitupitia kwa macho, mmoja baada ya mwingine, bila hasira.

— Hata mmoja wenu?