Mama Hélène, Bingwa wa Kusema Hajui

Tarehe 30 Juni Mama Hélène Nabintu anastaafu, baada ya miaka ishirini na mmoja katika kituo chetu cha ushauri kwa wahamiaji hapa Jeppestown. Alitoka Bukavu, akaanza kwetu kwa kufagia na kupika chai, akaishia kuwa mshauri wa wazee. Chai hakuiacha. Mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kugusa birika lake; wachache tuliojaribu tulikiona cha moto.

Wa zamani mnakumbuka ofisi ilipokuwa chumba kimoja juu ya karakana ya magari. Mashine zikinguruma chini, Mama Hélène alipaza sauti ili mzee asikie, na mtaa mzima ukasikia shida za mzee. Jamani, siku zile! Leo tuna milango ya vioo, na watoto wetu wanatujibu kwa Kizulu, lakini wazee wakifika bado wanauliza kwanza kama yule mama yupo.

Walimpendea kitu kinachowashinda wengi wetu. Akiulizwa asichokijua, alisema hajui, wala hakuona haya. Halafu alivaa viatu akaenda kuuliza, na kila aliyemjibu, Mama alimuuliza tena: wewe mwenyewe utafaidika nini mzee akikubali? Eish, wageni wenye tai waliokuja kuwauzia wazee vitu hawakumpenda sana.

Sitamaliza bila habari za Mzee Juvénal, fundi cherehani kutoka Bujumbura. Miaka michache iliyopita, kanisani, wakati wa matangazo, kijana mmoja muuza mikopo alipewa kipaza sauti. Akaeleza kuwa mzee mwenye nyumba yake anaweza kupewa pesa kwa dhamana ya nyumba hiyo, asilipe chochote kila mwezi, aendelee kuishi humohumo. Tulipiga makofi. Sisi jambo likitangazwa madhabahuni, nani tena atalichunguza? Mzee Juvénal alitamani pesa hizo ili aende Burundi kumwona dada yake mgonjwa. Alikuja ofisini na kalamu mfukoni, akitaka tu Mama Hélène amwonyeshe mahali pa kutia sahihi.

Mama alimwambia mkopo wa namna hiyo haujui, asitie sahihi kwanza. Alimuuliza yule kijana, akajibiwa maneno matamu. Akatafuta mtandaoni, akakuta kurasa nyingi nzuri, zote za watu wanaouza mkopo uleule. Mwishowe alivaa kitenge chake cha Jumapili, akaenda Randburg, upande mwingine wa jiji, kwa mwanasheria anayewashauri wazee bure, asiye na cha kuuza. Huyo alimweleza kuwa riba inaongezeka kila mwezi ingawa hudaiwi, na kwamba deni hulipwa kwa kuuza nyumba, mwenyewe akifa au akihama. Ndipo Mama akauliza swali ambalo mtu wa kwetu tu angeliuliza:

"Mzee akienda nyumbani kwenye matanga akakawia, atahesabiwa kuwa amehama?"

Mwanasheria akaufungua mkataba aliokuja nao Mama. Wakausoma pamoja mpaka wakakipata kifungu: miezi sita nje ya nyumba, deni lote linadaiwa. Hata mke wa mzee, Mama Emérite, angebaki ndani, isingesaidia, kwa kuwa mkataba ulimtaja mzee peke yake. Na sote tunajua matanga ya kwetu. Unaenda kuzika, unabaki kugawa shamba, unaugua, mwaka unakatika.

Mzee hakutia sahihi, lakini alikasirika sana. Kanisani alimpita Mama Hélène bila salamu, na Mama aliumia, msidanganywe na kicheko chake. Nauli ilipatikana kwa michango ya jumuiya, Mama akiwa mbele kuzunguka na kofia. Mzee akaenda, akamzika dada yake, malaria ikamwangusha, akakaa huko zaidi ya mwaka.

Aliporudi alikuja moja kwa moja ofisini, amekonda, kofia mkononi. Akamwambia Mama Hélène, "Mke wangu amenifungulia mlango." Mama alimmiminia chai huku machozi yakimtoka, na sisi tukajifanya tuna kazi nyingi mezani.

Kwa sherehe ya kumuaga tulitaka kukodi ukumbi. Mama Emérite amekataa katakata; amesema ukumbi ni wa nini na nyumba yake ipo. Basi Jumamosi, tarehe 28, tukutane kwao saa nane mchana. Kutakuwa na fufu, sombe na samaki, na Mzee Juvénal ndiye atakayewapokea getini.

Mama Hélène, asante kwa kila safari uliyokwenda kwa ajili yetu. Tutakukumbuka kila siku, na chai yetu itakuwa mbaya. Mungu akupe uzee mtulivu, nyumbani kwako, na mtu wa kukufungulia mlango kila utakaporudi.

Falonne, mapokezi, kwa niaba ya wenzako wote